Tafsiri ya Mkwe

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kwenye kikundi chetu cha simu: "Mama Upendo, Ulaya kulikuwaje?" Nami nimekuwa nikijibu "baridi tu" halafu nabadilisha mazungumzo. Wengine mmeanza kusema nimerudi na maringo. Si maringo, jamani. Ni mshtuko, na mtu aliyeshtuka hujibu kwa neno moja. Sasa nimetulia kidogo, nakaa niwaandikie yote. Habari za viza na tiketi naziruka, kwa sababu hazina utamu hata kwangu mimi niliyezihangaikia.

Kwa ambao hawajaiona, filamu yangu inahusu akina mama wanaoteka maji bondeni, upande wa Kitangari, wilaya ya Newala, na kupanda nayo kilima hadi nyumbani. Moyo wa filamu ni Bi Somoe, mama wa makamo ya kuitwa bibi, Mmakonde wa kule kule. Katika kipande kimoja anapanda kilima na ndoo kichwani dakika tisa nzima, kamera yangu iko mbele yake, narudi nyuma hatua kwa hatua, naye ananong'ona peke yake Kimakonde. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Kimakonde nakisikia kama redio ya jirani inayopita ukutani: najua inasema, sijui inasema nini.

Aliyenitafsiria ni Baba Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mwandiko wake kama wa kitabu. Yeye amemwoa binti wa Bi Somoe, kwa hiyo nilijiona nimepata mtu wa ndani kabisa. Alisikiliza sauti niliyorekodi, akaniandikia, nami nikaweka maneno yake chini ya picha kwa Kiswahili na Kiingereza: "Ee Mungu, nipe nguvu. Njia ni ndefu, lakini maji ni uhai. Wanangu wananingoja." Na mwisho, anapokaribia juu: "Ahsante Mungu, nimefika." Nilipoyasoma mara ya kwanza nililia.

Masasi hadi Dar: korosho na ahadi

Nilitoka Masasi alfajiri na mfuko wa korosho nilizobanika mwenyewe, zawadi kwa wenyeji wangu wa Ulaya. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda Newala kumuaga Bi Somoe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Unakwenda kunionyesha kwa Wazungu?"

"Ndiyo. Watakuona na watakusikia."

Akaniangalia, kisu mkononi. "Watanisikia? Haya." Akacheka peke yake, akaendelea na muhogo. Nikadhani ni furaha.

Basi letu liliharibika baada ya Ndanda. Fundi alikuwa na spana moja na maneno mengi. Tulikaa kando ya barabara kwa saa nne, tukala mahindi ya kuchoma na mihogo mpaka wauzaji wakaanza kutuita kwa majina. Abiria mmoja, mzee mwenye kofia ya kitambaa, aliponisikia naenda kuonyesha filamu ya kuchota maji, aliuliza, "Wao hawana maji?" Nikamwambia wanayo tele. "Sasa wanataka kuona ya nini?" Basi zima likacheka, nami nikawa mkali kidogo, nikawaambia sanaa haielezwi kando ya barabara. Lile swali nilisafiri nalo.

Ujerumani ya kaskazini: maji ya chooni

Ndege ilichelewa, sanduku langu likaenda nchi nyingine bila mimi. Nilifika kwenye mji wa barafu nikiwa na viatu vya wazi na ule mfuko wa korosho. Mwenyeji wangu, binti mmoja mrefu jina lake Heike, alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi vidoleni, akavua koti lake akanivisha palepale uwanjani. Mungu ambariki.

Jambo la kwanza kunishtua halikuwa baridi. Ni choo. Nilivuta maji, nikasimama nayatazama yakizunguka meupe, safi kuliko yale ya ndoo ya Bi Somoe. Nikavuta tena kuhakikisha. Heike alibisha mlango akauliza kama naumwa tumbo.

Jambo la pili ni jibini. Jioni yake walinikaribisha chakula, wakaniletea kitu cheupe kwenye mkate. Nikaonja, nikasema ni nzuri, ya ng'ombe gani? Heike akajibu kwa fahari kwamba si ya ng'ombe, ni ya korosho. Wanaziloweka, wanazisaga, wanaziacha zichachuke. Nilitazama ule mkate kama mtu aliyekutana na mjomba wake amevaa gauni. Korosho zetu! Nikatoa mfuko wangu, wakala zile za kubanika mpaka wakalamba vidole, nikajisikia nimelipiza.

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa. Ilipofika ile sehemu ya kilima nilisikia watu wakivuta kamasi gizani. Baadaye bwana mmoja mkubwa wa umri alinishika mikono miwili, akasema sala ya yule mama imemkumbusha mama yake. Nami nikatikisa kichwa kama mchungaji. Niliitikia pongezi zote. Usiku huo nililala nimevimba kichwa, na sitawaficha.

Lizboni: kicheko gizani

Lizboni, Ureno, kulikuwa na jua, nikapumua. Sanduku nalo likanifikia huko, limepasuka kona moja, nguo zote zinanuka samaki wa mtu mwingine. Nikavaa hivyohivyo.

Ukumbi ulikuwa mdogo, watu kama wa ibada ya asubuhi. Nilikaa nyuma. Bi Somoe akaanza kupanda kilima, ananong'ona, maandishi yanasema "Ee Mungu, nipe nguvu", watu wametulia tuli. Mara kutoka safu ya tatu mtu akacheka.

Hakikuwa kicheko cha kuguna. Mwanamke alicheka kwa tumbo, akajiziba mdomo, akacheka tena kupitia vidole. Watu wakageuka wakamzomea kwa "shhh". Nilipata hasira mpaka masikio yakawaka. Nikajisemea, ngoja taa ziwake, nitamfundisha adabu huyu. Lakini ilipofika dakika ya saba au ya nane, kile kicheko kilikoma ghafla, na yule mwanamke akainamisha kichwa, hakukiinua tena hadi mwisho.

Taa zilipowaka alinifuata mwenyewe. Mama wa miaka sitini hivi, mnene, mkoba kifuani, na kwenye mashavu ana chale za zamani. Akanisalimia kwa Kiswahili. Kiswahili chetu kabisa, cha kusini!

"Hujambo, mwanangu. Mie naitwa Mama Tereza. Ni Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Wakati wa vita vya Mreno tulikimbilia kwenu, nikasoma Newala mpaka darasa la nne. Hapa nawahudumia wazee."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe kwa kucheka. Lakini yale maandishi, nani kakuandikia?"

"Mkwe wake. Mume wa binti yake."

Mama Tereza akafumba macho. "Mkwe! Ah, basi."

"Kuna kosa?"

Akanivuta kwenye kiti. "Mwanangu, yule mama hasali. Anakusema wewe."

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikamwomba aniambie, naye akaniambia, polepole, huku nikiandika nyuma ya karatasi ya ratiba. Hiki ndicho alichokuwa akisema Bi Somoe dakika zote tisa:

"Ntoto wa Kimakua huyu, kichwa anacho, shingo anayo, ndoo hapokei. Anarudi kinyumenyume kama aliyemwona mkwewe. Jicho moja kalifumba, labda na sikio. Heri mamako angezaa nkorosho, ningepata kivuli."

Hapo ndipo Mama Tereza alipocheka. Mnajua sisi na Wamakonde ni watani. Matusi ya namna hiyo ni sukari. Hata mimi, pamoja na kutahayari, nilianza kutabasamu. Lakini Mama Tereza hakuwa anacheka tena.

"Mwishoni siyo utani," akasema. "Mwishoni anasema: 'Goti langu linawaka. Pokea. Nakuomba, pokea, naanguka.' Anarudia mara tatu. Halafu anasema: 'Haya, sikuombi tena. Tazama basi.'"

Tazama basi. Hapo ndipo mimi nilipoweka "Ahsante Mungu, nimefika".

Mwili ulikuwa baridi kuliko Ujerumani. Mtu aliniomba msaada mara tatu, nami namwangalia usoni, namrekebishia mwanga! Halafu nimeibeba ile sauti yake kuvuka bahari, nikawalizia watu, nikapokea pongezi.

Nikampigia Baba Zuhura palepale. Nilitaka kugomba, mnanijua. Nikamsomea maneno ya Mama Tereza neno kwa neno.

"Baba Zuhura, ni kweli alisema hivi?"

"Mama Upendo," akajibu kwa sauti ya chini kabisa, "yule ni mama mkwe wangu."

Na mimi, mtoto wa kusini, nikaelewa yote, nikakosa la kugombea. Mkwe hapiti karibu na mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Sasa aandike kwa mkono wake kwamba mama mkwe anatukana mgeni? Aandike "goti"? Goti la mama mkwe halitajwi na mkwe, hata likiwaka moto. Alisikia yote, akatafuta maneno ya heshima kuliko yote aliyokuwa nayo, akampa Mungu yale aliyoambiwa Mama Upendo. Kosa halikuwa lake. Nani alimtuma mkwe kazi ya mtu asiye mkwe? Ni mimi, kwa haraka zangu za kuwahi tamasha.

Mama Tereza alinipeleka kwake akanipikia ugali na kisamvu cha nazi, majani ameyatoa kwenye friza. Nilikula nikilia. Aliniambia, "Kula. Goti lake halitapona kwa wewe kushinda njaa."

Uswisi: swali la yule bibi

Tamasha la tatu lilikuwa kwenye mji mdogo wa milimani Uswisi, na huko ndiko kulikokuwa na mashindano. Kwenye treni mwandaaji mmoja aliniambia, akiwa ameshusha sauti, kwamba filamu yangu inazungumzwa sana. "Hasa ile sala," akasema. Nikatazama dirishani. Milima mizuri mpaka inaudhi, na kila ukuta una bomba la maji linamwagika usiku na mchana, hakuna anayelikinga.

Nilimwambia tafsiri ina kosa, nitasema ukweli wakati wa kuonyesha. Akashtuka. Akaniuliza kama haiwezekani kungoja hadi matokeo yatoke, kwani ni siku mbili tu. Alisema kwa upole, kama anayenishauri nisitoke na mvua. Nami, niseme kweli, nilisita. Nilitembea kuzunguka ule mji mara mbili nikijitetea: ni filamu nzuri, watu wanaguswa, Bi Somoe mwenyewe hatajua. Kila niliposema "hatajua" nilimwona na kile kisu cha muhogo. "Watanisikia? Haya."

Basi ilipofika ile sehemu ya kilima, nilisimama pembeni ya pazia la sinema na kipaza sauti, nikawaambia wasisome maandishi, yana makosa, makosa ni yangu. Nikasoma karatasi ya Mama Tereza kwa Kiingereza changu cha Masasi. Waliposikia habari ya mkorosho walicheka wote. Waliposikia "pokea" mara ya tatu hakuna aliyekohoa. Niliposema "tazama basi", Bi Somoe alikuwa anatutazama moja kwa moja kutoka kwenye pazia, na mimi nilishindwa kumwangalia.

Hawakupiga makofi. Bibi mmoja mwembamba, amejishika kwenye fimbo, akanyoosha mkono. Mkalimani akatafsiri swali lake: "Mlipofika juu siku ile, ulimpokea ndoo?"

Swali dogo, la mtu yeyote mwenye akili. Nikafungua mdomo nijibu kwamba nilimshukuru sana, kwamba nilimpa zawadi, na ndipo lile jambo lilipotoka, jambo ambalo hata Mama Tereza sikumwambia, maana nilikuwa nimelisahau kama mtu anavyosahau kitu kisichomuuma yeye.

Siku ile hatukupanda kilima mara moja tu. Mara ya kwanza wingu lilipita, picha ikawa na giza. Tulipofika juu Bi Somoe alimimina maji kwenye pipa, akakaa chini. Nikamwomba Baba Zuhura, aliyekuwa amesimama mbali uani, amwombe ashuke tena turudie. Bi Somoe alinitazama, akasema maneno kadhaa Kimakonde, marefu kidogo.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema sawa," akajibu Baba Zuhura, macho chini.

Na akashuka. Dakika tisa mlizoziona, zilizowaliza Wajerumani, ni za mara ya pili.

Nikamjibu yule bibi: "Sikumpokea. Nilimwomba arudie." Mkalimani alichelewa kutafsiri, nadhani alitaka kuhakikisha amesikia. Jibu lilipofika kwa lugha yao, ukumbi mzima uliguna kwa pamoja, na mimi niligundua nimeguna nao. Nilikuwa najisikia aibu ya mtu mwingine, kumbe mtu mwenyewe ni mimi.

Tuzo ilikwenda kwa filamu ya mbuzi wa milimani. Mbuzi wazuri, sina neno. Yule mwandaaji aliniaga kwa adabu, hakutaja tena sala.

Newala: ndoo ile pale

Sikupumzika Masasi hata siku mbili. Nikapanda kwenda Newala, nikashuka Kitangari, nikatembea hadi kwa Bi Somoe. Njiani nilimpitia Baba Zuhura; alikubali kunisindikiza lakini akabaki nyuma hatua thelathini, kama ilivyo desturi akifika kwa wakwe.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Umerudi? Wazungu wamenisikia?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Lizboni, Mama Tereza, karatasi, bibi wa fimbo. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ati umepanda ndege mpaka kwa Mreno, ukaambiwe na ntu wa Mueda kwamba mie goti linaniuma? Si ungeniuliza hapa hapa mkekani?"

"Mbona hukuniambia kwa Kiswahili, bibi? Kiswahili unakijua."

Akaacha kucheka. "Wewe ulikuwa ngeni. Ngeni haombwi. Nikisema kwa Kiswahili ningekuaibisha. Nikasema kwa Kimakonde, asikie anayesikia. Safari ya kwanza nilikutania tu. Safari ya pili nilianza na utani, halafu..." Akapandisha khanga kidogo, nikaliona goti: limevimba, linang'aa, kubwa kama bibo, tunda la mkorosho, lililoiva. Kule nyuma Baba Zuhura aliugeukia mkorosho akalisoma gome kama ubao wa darasani.

Nilimkamata mkono tu. Tumekubaliana Jumatatu nampeleka hospitali Ndanda, na mimi ndiye nitakayekaa naye kwenye foleni.

"Na ile filamu?" nikamuuliza. "Nifanyeje na maneno?"

"Andika nilivyosema. Na la nkorosho usilitoe. Hilo ni zuri." Kisha akanyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Na ndoo ile pale."

Nikaichukua. Wanawake watatu wa jirani walinishusha bondeni, wakanijazia, wakanitwisha. Jamani, uzito ule! Maji ni maji mpaka yakae kichwani. Sijatwika ndoo ya lita ishirini tangu shule. Hatua ya kumi shingo ikaanza kulia, ya thelathini maji yakaniingia machoni, nusu ya kilima magoti yakawa yanacheza yenyewe. Nikasimama. Bi Somoe alikuwa amekaa juu kabisa kwenye jiwe, mguu ameunyoosha, ananitazama kwa raha zote.

Akapaza sauti, akaanza kusema Kimakonde. Alisema kwa muda mrefu. Wale wanawake watatu walicheka hadi mmoja akakumbatia mti, mwingine akakaa chini kwenye mavumbi akipiga mapaja.

Baba Zuhura alikuwa amesimama mbali, pembeni ya njia, amempa mama mkwe wake mgongo.

"Baba Zuhura!" nikaita, nikihema. "Anasemaje?"

Akakohoa. Akatazama chini, akatazama juu, akajifuta uso kwa leso.

"Anasema Mungu akupe nguvu."